Mkakao unaojitengenezea salfa

Nimekulia Newala, kwa hiyo harufu ya salfa naijua tangu utotoni. Mikorosho ikianza kuchanua, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu tunaouzuia kwa unga wa salfa, nao haukawii, na alfajiri upepo ukiwa bado umetulia utasikia mashine za kupulizia zikinguruma shamba hadi shamba. Watu wanarudi nyumbani na unga wa njano mpaka kwenye nyusi. Ndiyo maana siku niliyosoma kwamba mkakao hujitengenezea salfa ndani ya mti, niliurudia ukurasa ule mara tatu.

Adui anayehusika ni kuvu wa udongoni, Verticillium dahliae, anayeisumbua mikakao Uganda na Brazil. Huingilia mizizini, kisha hupanda na maji kwenye zailemu, yaani mirija inayopeleka maji juu. Mti unanyauka kama wenye kiu ilhali udongo una unyevu, na majani yanakauka huku yangali yananing'inia tawini. Pasua kijiti kwa kisu: utakuta michirizi ya kahawia ndani.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, na wenzao walichapisha walichokikuta kwenye mikakao sugu iliyoambukizwa. Ni salfa tupu, ile ile ya kwenye mikorosho, iliyojikusanya katika kuta za mirija na katika baadhi tu ya seli zinazopakana nayo. Haikutapakaa shina zima. Imewekwa penye njia ya kuvu, tena kwa wingi wa kumzuia! Kinga nyingi za kikemikali za mimea ni kampaundi tata za kaboni. Kukuta elementi peke yake ikifanya kazi hiyo ni jambo la nadra sana. Na mti hauiweki akiba, huikusanya ukishavamiwa.

Naomba mkulima asinielewe vibaya akaenda kununua salfa. Ukiipulizia majani, haifiki kwenye zailemu. Kwa ugonjwa wa matunda kuwa meusi ndiyo kabisa haifai, kwa sababu Phytophthora, kimelea anayeuleta, si kuvu halisi na salfa haimtishi.

Kilicho muhimu ni mche. Verticillium hukaa udongoni miaka mingi, basi pale mti ulipokufa, ukibebesha, yaani ukiunganisha, kikonyo kizuri (kijiti cha mti bora) juu ya mche dhaifu utakuwa umemfungulia mlango ule ule. Usugu uanzie kwenye mche wa chini, wenye mizizi.