Kompresa haifi peke yake: yanayosemwa gerejini kuhusu AC ya gari la mbio

Januari hadi Machi hakuna anayebishana na AC hapa Dar. Joto nyuzi 32, shati limenata mgongoni, na foleni ya Mwenge imegoma kusogea. Mwenye Subaru WRX STI, Mitsubishi Evo au Toyota Altezza iliyochezewa ndiye anayeteseka zaidi, maana gari lake limeshapita mikono mingi kabla AC haijaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu, na kila mkono una maelezo yake. Haya ndiyo yanayosikika sana.

"Haitoi baridi, bosi. Kompresa imekufa."

Inawezekana. Lakini kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, ndiyo spea ghali kuliko nyingi kwenye mfumo ule, kwa hiyo iwe ya mwisho kuhukumiwa. Magari mengi ya Japani yana klachi ya sumaku mbele ya kompresa: umeme ukifika, sahani inanasa kwenye puli, unasikia "tak", shafti inaanza kuzunguka. Usiposikia hiyo tak, anza na fyuzi, relei na swichi ya presha. Gesi ikishuka mno, swichi hiyo inakata umeme kwa makusudi, kwa sababu oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikikosekana, kompresa inazunguka kavu. Kompresa inayonyimwa umeme na kompresa iliyokufa zinafanana kabisa ukiwa umekaa nyuma ya usukani.

Kisha kuna magari ya Ulaya ya miaka ya karibuni, Golf GTI ikiwemo, ambayo mengi hayana klachi hiyo kabisa. Puli inazunguka muda wote na valvu ya umeme ndani ya kompresa ndiyo inayopunguza au kuongeza kazi. Ukiambiwa "klachi haishiki" kwenye gari la namna hiyo, chukua funguo yako uondoke kwa adabu.

Kompresa iliyochoka kweli huwa na dalili zake. Ukifunga geji, upande wa presha ndogo uko juu, upande wa presha kubwa uko chini, na hata ukikanyaga mafuta pande hizo mbili haziachani. Au inasaga kwa kelele. Au oili imelowanisha shingo ya shafti na kutapakaa nyuma ya puli.

"Geji inasoma 95, gesi imejaa."

Hii ndiyo inayowagharimu watu pesa nyingi. Injini ikiwa imezimwa, gesi ya R134a kwenye joto la nyuzi 30 hukaa kwenye psi 97 hivi, iwe ndani kuna gramu 150 au 500, alimradi bado kuna kiasi kilicho katika hali ya kimiminika. Kwa hiyo geji ya gari lililozimwa inakueleza joto la siku hiyo, basi. Kiasi cha gesi kinajulikana kwa mzani. Chini ya boneti kuna stika inayotaja gramu. Magari mengi madogo yako kati ya 400 na 700. Unavuta yote iliyobaki, unapima, unajaza kwa mzani.

Wapo wanaojaza "mpaka bomba litoe jasho". Kwa Dar kipimo hicho ni kibovu zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hewa yetu ya masika imeshiba maji: bomba likishuka kidogo tu chini ya nyuzi 25 linaanza kutona. Jasho hilo linatokea hata AC ikiwa hoi. Na gesi ikizidi, presha ya juu inapanda na kompresa inabebeshwa mzigo usio wake.

"Gesi huisha tu, kila mwaka unaongeza."

Mfumo umefungwa. Mabomba ya mpira hupoteza kidogo sana kwa miaka, lakini ukiongeza kila Krismasi, pana tundu. Litafute. Waishio Kigamboni na Mbezi Beach waanzie kwenye kondensa, ile rejeta ya AC inayopoza gesi, chumvi ya bahari huila polepole pale mbele. Yale makopo ya "dawa ya kuziba" yaache dukani. Dawa hiyo huganda kwenye valvu ndogo zilizo ndani.

"Tunabadilisha kompresa tu, mengine yako salama."

Hapa ndipo nimewaona watu wakinunua kompresa ya pili, kisha ya tatu. Kompresa ya zamani ikishatolewa, mimina oili yake kwenye karatasi nyeupe, ipeleke juani. Ikiwa safi, au ina umanjano kidogo, una bahati. Ikiwa nyeusi, au ya kijivu yenye vimulimuli ukiigeuza geuza, hizo ni chembe za chuma, na hazikubaki ndani ya kompresa. Zimeshafika kwenye kondensa na kwenye valvu ya kutanulia gesi. Kompresa mpya itazinyonya na kusagika vilevile.

Mabomba unaweza kuyasafisha kwa kemikali yake. Kondensa za kisasa zina njia nyembamba sana zilizopangwa sambamba. Uchafu ukiziba njia moja, dawa inapita kwenye zilizo wazi na kuiacha ile iliyoziba. Kwa hali hiyo kondensa inabadilishwa, pamoja na valvu. Draya, ule mkebe mdogo wa kunyonya unyevu, ibadilishe kila mfumo unapofunguliwa kwa kazi kubwa kama hii, hata oili ikiwa safi. Na oringi mpya, zile pete za mpira za kwenye maungio, zilizopakwa oili kabla ya kufungwa.

"Oili ni oili."

Hapana. Magari mengi ya R134a hutumia PAG, oili ya sintetiki ya kompresa, tena kwa unene uliotajwa na mtengenezaji, 46 au 100 kwa mfano. Oili hiyo inanyonya unyevu hewani, na kopo lililoachwa wazi mezani tangu juzi lisiingie kwenye gari lako. Crown na Harrier za haibridi zina kompresa ya umeme wa volti nyingi. Hizo zinataka oili ya esta isiyopitisha umeme, na kuweka PAG humo ni hatari.

Pima pia kilichotoka. Kompresa nyingine zinakuja na oili ya mfumo mzima, nyingine zina tone la kulindia njiani tu. Ikishafungwa, zungusha sahani ya mbele kwa mkono kama mara 10 kabla ya kuwasha gari, oili iliyotuama isije ikagongwa na pistoni.

"Kuvuta vakyumu ni mbwembwe."

Kwenye vakyumu nzuri, yaani hewa ya ndani ikishanyonywa kwa pampu, maji huchemka kwa joto la kawaida tu la gereji na kutoka kama mvuke. Hivyo ndivyo unyevu unavyoondolewa, na dakika 45 kwa Dar si nyingi. Unyevu ukibaki hutengeneza asidi na kula vyuma. Kupuliza mabomba kwa hewa ya kujazia tairi kunaongeza tatizo lilelile. Kwa kupima kuvuja tumia naitrojeni kavu.

"Gari la mbio halihitaji AC, inakula nguvu."

Inakula nguvu za farasi chache tu, na kompyuta ya injini kwenye magari mengi huikata ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Kompresa yenyewe ina kilo 5 hadi 7. Ukiitoa, bado utakaa Ubungo kama sisi wengine, kwa joto zaidi.

Kinachosahaulika ni upande wa pili, yaani jinsi marekebisho ya nguvu yanavyoiua AC. WRX hutoka kiwandani na intakula, kipozea hewa ya tabo, juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Mtu anaihamishia mbele, kubwa kama mlango, na sasa kondensa iliyo nyuma yake inapokea hewa iliyokwisha kupashwa moto. Fundi akitoa na kava la feni ili bomba lipite, kwenye foleni presha ya juu inapaa. Kompresa ikifa kwenye gari la namna hiyo, ukibadilisha bila kurudisha kava na kuhakikisha feni zote mbili zinazunguka, mpya nayo itafuata. Puli nyepesi ya kipenyo kidogo kwenye krenki nayo hupunguza mzunguko wa kompresa, ndiyo maana baridi inapotea gari likiwa limesimama.

"Used ya Japani ni bora kuliko mpya ya bei rahisi."

Mara nyingi nakubali, ila iangalie. Pale Ilala au Gerezani, shika sahani izungushe: iende laini, isiwe inakwama wala kulegea ovyo. Matundu yawe yamezibwa. Kompresa iliyokaa rafuni matundu wazi imevuta unyevu wa Dar kwa muda usiojulikana, na hata ikiwa na nembo ya Denso siichukui.