Menta anakusaidia wapi, anakwamia wapi

Mimi natafiti jinsi vyuo vinavyolea wahadhiri wachanga, na huku Mtwara swali ninaloulizwa sana na ma-TA, wale wanaobakizwa chuoni baada ya digrii ya kwanza, ni "menta nitampata wapi?", yaani mtu mzoefu wa kukulea kikazi. Nami nauliza kwanza, unataka akufanyie nini?

Mtafiti wa Marekani, Kathy Kram, mwaka 1985 aligawa kazi ya menta mafungu mawili, kukusogeza kikazi na kukushika mkono kama binadamu. Huku la kwanza ndo lina utamu. Chukua TA anayetafiti ubwiri unga kwenye mikorosho, ugonjwa unaopiga maua na majani machanga. Maua yanakuja kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hivi, na barua ya kibali cha kutafiti inatoka chuo, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, ndo ufike kwa mtendaji wa kijiji, sasa aliyewahi kuizungukia atakwambia anza mapema kabisa maana mkorosho haukusubiri, ukikosa msimu ni mwakani tena. Atakwambia pia jarida lipi ni la matapeli wa kula ada ya kuchapisha, na pepa yako, makala ya utafiti, ikirudi na maneno makali ya marivyua, wale wanaoipima kabla haijachapishwa, atakuonyesha zake zilizokataliwa, ulale.

Ila menta hakupunguzii vipindi vya kufundisha. Hakulipii ada ya masters, na bila hiyo masters TA hupandi kuwa mhadhiri msaidizi, hata ushauriwe vipi.

Halafu bosi wako asiwe menta wako, hapa sibishani na mtu. Anayejaza fomu yako ya tathmini utamwambiaje kwamba tasnifu imekushinda? Wengine wakishakulea wanataka jina kwenye kila pepa wakati data hawajaiona. Na dada zetu wanaachwa nje kimyakimya, kwa sababu mazungumzo yenye maana yanaishia kwenye kahawa ya jioni barazani, wanaume watupu.

Kram alitaja awamu nne za uhusiano huu, ya tatu ni kutengana. Sisi kutengana tunaita utovu wa adabu, kijana akianza kumpinga mzee wake basi kajisahau! Ndo maana nawashauri muwe na watu watatu hivi, mmoja wa methodi za utafiti, mmoja anayejua siasa za chuo, mmoja wa nje kabisa, hata watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo hapo jirani, na huyo wa nje ndo akusomee pepa kabla mzee wako hajaiona.