Kennedy Space Center: yasemwayo kabla ya safari, na yaliyopo

Wageni kutoka nyumbani wakifika Orlando, Florida, watoto huvutia upande wa bustani za michezo, na ni haki yao. Lakini ukiendesha gari saa moja hivi kuelekea mashariki unafika Merritt Island, mahali ambapo Julai 1969 waliondokea watu wa kwanza kukanyaga Mwezi. Hapo ndipo ilipo Kennedy Space Center, kituo cha kurushia roketi cha NASA, shirika la anga la Marekani, na pana kituo cha wageni kinachostahili siku nzima ya familia. Wapo wanaokipita kwa sababu ya maneno waliyoyasikia, na wapo wanaokwenda wakitarajia kisichokuwapo.

"Tukienda tutaona roketi ikipaa"

Hakuna dhana inayoharibu siku ya watoto kuliko hii. Kituo hufunguliwa karibu kila siku ya mwaka, lakini roketi ina ratiba yake, na ratiba hiyo huvunjika. Artemis I, safari ya majaribio ya NASA ya kuuzunguka Mwezi bila watu, ilipangwa kuondoka tarehe 29 Agosti 2022. Vipimo vikaonyesha injini moja haijapoa inavyotakiwa, safari ikasitishwa. Tarehe 3 Septemba hidrojeni ikavuja wakati wa kujaza mafuta, ikasitishwa tena. Roketi ile ilikuja kuondoka tarehe 16 Novemba, saa saba na dakika 47 usiku. Fikiria mzazi aliyekata tiketi za ndege kwa ajili ya ile siku ya Agosti, kisha awaeleze wanawe kwamba wanarudi nyumbani. Upepo mkali wa juu unatosha kuzuia safari, na hata wingu lenye umeme au chombo kilichoingia katika eneo lililofungwa baharini.

Kwa hiyo jenga siku yako juu ya vitu vilivyotulia ardhini. Roketi ikirushwa mkiwapo, shukuruni, ila mjue kwamba siku kama hizo huwa na tiketi zake maalumu, na njia za mabasi zinaweza kubadilishwa. Anayetaka tu kuona moto ukipanda angani asimame Titusville, ng'ambo ya maji ya Indian River. Pale watu hutazama bila kulipa.

"Ni sanamu na picha tu"

Hapana, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wasiwe na haraka. Atlantis, chombo cha wanaanga kilichopaa kama roketi na kutua kama ndege, imo ndani ya jengo lake, na ni chombo chenyewe. Kilianza kuruka Oktoba 1985, kikaenda angani mara 33, na kikatua kwa mara ya mwisho Julai 2011. Alama za moto wa kurudi duniani bado zinaonekana kwenye vigae vilivyofunika mwili wake. Kimening'inizwa kwa kuinamishwa nyuzi 43.21, mwambie mtoto aitamke tarakimu moja moja, atagundua mwenyewe kwamba anahesabu kurudi nyuma. Matangi marefu yaliyosimama mlangoni ndiyo ya mfano, kwa hiyo chembe ya ukweli imo katika dhana hii.

Saturn V, aina ya roketi iliyowapeleka watu Mwezini, nayo imelazwa ndani ya jengo la mbali ambalo hufikiwa kwa basi la kituo. Ina urefu wa takriban mita 110, zaidi kidogo ya uwanja wa mpira, na dunia nzima imebakiwa na tatu tu za namna hiyo. Hii ya Florida haikuruka kamwe: sehemu ya chini ilijengwa kwa majaribio, na zile mbili za juu zilikuwa za safari ya Mwezini iliyofutwa. Katika jengo hilohilo mtoto anaweza kugusa kwa kidole kipande cha jiwe la Mwezi. Kwa maoni yangu, kidole hicho peke yake kinatosha kuhalalisha safari.

Karibu na Atlantis pana chumba cha kuwakumbuka wanaanga 14 waliokufa, 7 wa Challenger mwaka 1986 na 7 wa Columbia mwaka 2003, vyombo vya aina moja na Atlantis. Vimo vitu vyao binafsi. Usiwaingize watoto wadogo bila kuwaeleza kwanza wanakwenda kuona nini. Wale wakubwa waingie, waone gharama ya kazi hii.

"Ni mali ya serikali, basi ni bure"

Eneo ni la NASA, lakini kituo cha wageni kinaendeshwa na kampuni ya Delaware North tangu 1995 kwa fedha za viingilio, si za kodi. Tiketi ya kawaida inajumuisha basi, Saturn V na Atlantis. Maegesho ya gari hulipiwa kando.

"Roketi zinarushiwa Houston"

Houston ndiko wanakofunzwa wanaanga na ndiko safari zao zinakoongozwa. Pako Texas, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa zinakorushiwa roketi.

"Mambo ya anga hayatuhusu"

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia kuwaelekeza wanasayansi kwenye Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani ambacho leo kinajulikana kuwa na shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu pako karibu na ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Florida ni kama 1,470. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Mweleze mtoto habari hii mkiwa ndani ya basi, wakati minara ya kurushia ya 39A na 39B inaonekana dirishani.

"Saa mbili zinatosha"

Safari ya basi na Saturn V peke yake hula saa hizo, na basi la mwisho huondoka mapema kuliko kituo kinavyofungwa. Wanaoanza na duka na chakula hujikuta wamelikosa. Basi liwe la kwanza asubuhi. Njiani chungulieni mitaro, maana eneo linapakana na hifadhi ya wanyama na mamba huonekana mara kwa mara. Mkirudi, piteni kwenye bustani ya roketi kabla ya jua kuwa kali, kisha Atlantis iwe ya alasiri: majira ya joto Florida hunyesha na kupiga radi saa hizo, na nyinyi mtakuwa ndani. Wadogo waliochoka wana Planet Play, mahali pao pa kupanda na kuteleza. Bibi na babu wasitembezwe kwa miguu siku nzima. Viti vya magurudumu hukodishwa, na ni vyema kuulizia mnapoingia.