Je, wajua? Kompyuta iliyohesabu kwa tatu badala ya mbili

Ukiuliza kwa nini kompyuta hutumia 0 na 1, jibu la kawaida ni kwamba umeme una hali mbili tu: upo au haupo. Si kweli. Volteji hupanda na kushuka bila ngazi. Ngazi tunaziweka sisi. Saketi za TTL (aina ya zamani ya saketi za kidijitali) za volti 5, kwa mfano, husoma chochote kisichozidi volti 0.8 kuwa 0, na kuanzia volti 2 kuwa 1. Katikati hapo umeme upo, ila hakuna uhakika utasomwa vipi. Mbili ni uamuzi wa wahandisi, tena uamuzi wa busara, maana pengo hilo huzuia kelele ndogo za waya, yaani mtikisiko wa volteji, zisibadilishe jibu. Lakini umeme wenyewe haukuwalazimisha.

Ushahidi upo tangu 1958, pale Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow. Nikolay Brusentsov na wenzake waliunda Setun, kompyuta iliyopewa jina la mto mdogo wa huko. Tarakimu yake, triti, ilikuwa na thamani tatu: −1, 0 na +1. Zilitengenezwa takriban 50.

Kuielewa, chukua mizani ya sahani mbili na mawe manne: kilo 1, 3, 9 na 27. Unataka kupima mchele kilo 5. Jiwe la 9 liweke sahani ya pili, la 3 na la 1 yaweke pamoja na mchele: 9 − 3 − 1 = 5. Jiwe lililoukabili mchele ni +, lililokaa nao ni −, lililobaki mezani ni 0. Basi 5 huandikwa +−−. Kwa mawe hayo manne utapima kila kilo kamili kuanzia 1 hadi 40.

Sasa hamisha kila jiwe kutoka sahani lilipo hadi nyingine: +−− inakuwa −++, yaani −5. Utamu uko hapo. Kompyuta zetu, kupata namba hasi, hugeuza tarakimu zote kisha zinaongeza 1. Setun iligeuza alama tu, basi. Hata kukadiria ni bure: kata triti za mwisho, na kinachobaki tayari ndicho kilicho karibu zaidi.

Husemwa pia kwamba tatu ni nafuu kuliko mbili, kwa kuwa iko karibu zaidi na namba ya hisabati e, takriban 2.718, ambayo kinadharia ndiyo nafuu kuliko zote. Hesabu hiyo inachukulia kuwa gharama ya kifaa hupanda sambamba na idadi ya hali zake. Setun haikufaidika nayo: kila triti ilihitaji jozi ya pete ndogo za feraiti (kitu chenye sumaku), na jozi ina hali nne. Moja ilikaa bure. Pete hizohizo zingebeba biti 2, yaani tarakimu mbili za 0 au 1. Triti ni sawa na biti 1.58 hivi.

Transista nazo zina tabu yake. Katika CMOS, muundo wa chipu za leo, transista za upande mmoja huvuta volteji juu na za upande wa pili huivuta chini; kwenye 0 au 1 upande mmoja hufungwa, hivyo mkondo karibu haupiti. Njia rahisi ya kupata volteji ya kati ni kuacha pande zote mbili wazi kidogo. Mkondo hupita muda wote na chipu inapata moto. Isitoshe, ukigawa volti 1 kwa ngazi tatu, umbali kati ya ngazi ni volti 0.5 tu.

Kwenye waya, hata hivyo, tatu imerudi. Kumbukumbu za GDDR7, za kadi za michoro, hutuma biti 3 kwa triti 2, na USB4 toleo la 2, kiwango cha kuunganisha vifaa kwa kebo, hubeba biti 11 kwa triti 7: mipangilio 2,187 kwa mahitaji ya 2,048. Zikishapokewa, hugeuzwa kuwa 0 na 1 kabla prosesa haijazigusa.