Hadithi za wauza stempu, na bahasha wanazozisahau

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinikuta kibarazani kwangu hapa Uhindini, Mbeya. Shikamoo, marahaba, kisha akatoa kibiriti mfukoni. Ndani, juu ya pamba, ililala stempu nyekundu ya heller 7½ (hela za wakati wa Mjerumani) yenye picha ya meli ya Kaiser wa Ujerumani. "Mzee, hii si milioni kadhaa hii?"

Aliikuta kwa bibi yake Tukuyu, kwenye bahasha ya barua ya zamani. Akachemsha maji, akailoweka, akaibandua bila kuchana hata jino moja la pembeni. Kazi safi kweli. Na bahasha? Ilishawashia jiko.

Nikaichukua kwa kibanio, nikaitazama kwa lenzi. Kwenye kona palikuwa na kipande cha mhuri: NEU-LA, basi. Roho iliniuma.

Sikumgombeza, kwa sababu amelishwa hadithi zilezile nilizolishwa mimi. Maarufu kuliko zote ni ya Edward Stanley Gibbons, aliyeanza kuuza stempu mwaka 1856 ndani ya duka la dawa la baba yake huko Plymouth, Uingereza. Wanasimulia kwamba mwaka 1863 mabaharia wawili waliingia na mfuko uliojaa stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema, akawapa paundi 5, na ndipo mambo yakamnyookea. Mwaka 1890 aliiuza biashara yake kwa paundi 25,000. Nyingine ni ya mtoto wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliyeokota stempu ya senti 1 ya Guyana ya Kiingereza kwenye makaratasi ya familia mwaka 1873. Ilikuwa imekatwa kona zote, haina sura, akaiuza kwa shilingi 6 apate nzuri zaidi. Mwaka 2014 stempu hiyohiyo iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9.

Msomaji mwenye haraka anaona bahati. Mimi naona meza moja, upande huu anayejua, upande ule asiyejua, na hadithi imepokewa kutoka kwa anayejua. (Ile ya mabaharia, mimi husema imeuza stempu nyingi kuliko zilizokuwemo mfukoni.) Tena zote zinataja stempu, stempu, stempu. Hakuna anayeuliza barua ilitoka wapi ikienda wapi. Msikilizaji akimaliza, anakimbilia sufuria la maji ya moto.

Kwa upande wetu huu wa Nyanda za Juu Kusini hilo ni kosa la gharama. Stempu za meli zilitolewa kwa koloni zima. Ya Tanga na ya Iringa ni ileile, na zile za bei ndogo zimejaa duniani mpaka leo. Kinachozitofautisha ni mhuri. Neu-Langenburg ndilo jina ambalo Wajerumani waliipa Tukuyu. Bahasha nzima yenye mhuri huo, tarehe na jina la mpelekewa inakuambia kwamba karatasi hii ilipita kwenye mvua za Rungwe siku fulani. Stempu iliyobanduliwa haikuambii kitu zaidi ya bei yake, na bei yenyewe ni ndogo.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mambo yanakuwa matamu zaidi. Majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na kuitwaa kusini-magharibi, na posta yao ikatumia stempu za Nyasaland zilizogongwa herufi N.F. juu yake, yaani Jeshi la Nyasaland. Ni za thamani tano tu. Herufi mbili nyeusi! Mtu mwenye mashine ndogo ya chapa anaweza kuzigonga jikoni kwake, na wapo waliofanya hivyo. Ukiletewa N.F. tupu una kazi ngumu ya kupima herufi. Ukiletewa bahasha yake, mhuri na tarehe vinakusaidia kutoa ushahidi. Na mtu akikuletea meli ya Kaiser yenye mhuri wa Mbeya, mwulize maswali mengi: mji huu ulianza miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa, Kaiser ameshaondoka.

Hadithi ninayoipenda mwenyewe haina tajiri. Mwaka huohuo wa 1916 stempu zilikuwa zinawaishia Wajerumani, wakachapisha za dharura kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, Usambara. Hazikuwahi kutumika. Wakazifukia ardhini Waingereza wasizipate, zikaja kufukuliwa vita vikiwa vimekwisha. Nimemsimulia kijana hiyo, akacheka, halafu akanyamaza.

"Mzee, shangazi ana sanduku jingine kule Tukuyu. Lina barua."

Jumamosi tunakwenda. Nimemwomba ampigie simu shangazi leo hii, amwambie asifungue sanduku wala asibandike sufuria la maji mpaka tufike.