Je, falsafa inapiga hatua? Swali linalomhusu Mkristo

Katika makongamano ya vijana wa makanisa hapa Dar es Salaam, falsafa hushambuliwa kutoka pande mbili. Mmoja husema wanafalsafa wamebishana tangu enzi za Socrates bila kumaliza hata swali moja, kwa hiyo Mkristo asipoteze muda wake. Mwingine, aliyetazama video mbili tatu kwenye simu, husema falsafa ilishathibitisha kwamba Mungu hayupo. Madai haya hayawezi kuwa kweli yote mawili, na kwa kweli yote mawili si sahihi.

Tatizo ni kipimo. Ukipima kwa makubaliano, falsafa inaonekana imesimama. Mwaka 2009 wanafalsafa 931 wa vyuo vikuu walijibu utafiti wa maoni: takriban 73% waliegemea kusema Mungu hayupo, 15% kwamba yupo. Lakini waliobobea katika falsafa ya dini peke yao waligeuza picha, takriban 72% wakiwa upande wa Mungu. Asitokee mtu kuitumia takwimu hiyo kama ushahidi, kwa sababu wenye imani ndio wanaovutwa zaidi kusomea tawi hilo. Hesabu ya vichwa haitupi jibu.

Tena, swali likishapata njia ya uhakika ya kulijibu, huhama nyumba. Newton alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1687 alikiita cha falsafa ya maumbile. Leo tunakiita fizikia. Saikolojia ilianza kujitegemea Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Yanayobaki kwa wanafalsafa ni yale magumu, kisha wanalaumiwa kwamba hayajaisha.

Hatua ambazo falsafa hupiga hasa ni za kuonyesha wazo lipi linasimama juu ya lipi, na ukilikataa moja unapoteza nini. Mwaka 1787 Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kwamba mantiki, yaani elimu ya kanuni za hoja sahihi, haijasonga tangu Aristotle na inaonekana imekamilika. Mwaka 1879 Frege, mwanahisabati wa Ujerumani, alitoa mantiki mpya iliyopanua ile ya kale mno, na leo imo katika misingi ya sayansi ya kompyuta.

Mfano ulio wazi zaidi unaigusa imani yenyewe. Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, alidai kwamba mwamini anajipinga. Anaamini Mungu ni mwenyezi, anaamini Mungu ni mwema kabisa, na anakubali kwamba uovu upo. Mackie alijua kuwa madai hayo matatu peke yake hayagongani. Ili yagongane aliongeza mawili: kwamba aliye mwema huondoa uovu wote anaoweza kuuondoa, na kwamba uweza wa mwenyezi hauna mpaka. Nguvu yote ya hoja iko kwenye nyongeza hizo. Wengi wanaojibu hushindwa hapa, maana wanashika dai lisilohusika: mmoja anapunguza ukubwa wa mateso, mwingine anapunguza uweza wa Mungu.

Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa mapokeo ya Kalvini kutoka Marekani, alizishika nyongeza zenyewe. Katika kazi zake za mwaka 1974 alieleza kwamba uweza wote hauhusu mambo yanayojikanusha, kama pembetatu yenye pembe nne, na kumlazimisha mtu atende mema kwa hiari yake ni jambo la aina hiyo. Mackie alikuwa ameuliza: kwa nini basi Mungu asiumbe watu ambao kwa hiari yao wangechagua mema kila mara? Plantinga alijibu kuwa inawezekana kila kiumbe huru ambacho Mungu angemuumba angekosea angalau mara moja. Alisema "inawezekana" tu, wala hakudai kwamba ndivyo ilivyo. Shtaka lilikuwa la kujipinga, na uwezekano mmoja unatosha kulivunja. Kitabu cha Mackie kilichotoka mwaka 1982, baada ya kifo chake, kinakubali kwamba tatizo la uovu halithibitishi kuwa mafundisho makuu ya waamini yanapingana yenyewe kwa yenyewe.

Hapo mjadala haukufa, ulihama. Mwaka 1979 William Rowe, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, alileta mfano wa mtoto wa paa aliyeunguzwa na moto msituni, akagaagaa siku kadhaa kisha akafa, bila mtu yeyote kujua. Rowe hakusema kuwapo kwa Mungu hakuwezekani. Alisema mateso ya namna hiyo yanatupa sababu ya kutoamini. Mwaka 1984 Stephen Wykstra, mwanafalsafa Mkristo, alijibu: kutoiona sababu ya Mungu ni ushahidi tu ikiwa sisi ni watu ambao, kama sababu ingekuwapo, tungeiona. Naye akarudishiwa swali: kama hatuwezi kuyaona makusudi ya Mungu hapo, tunayajuaje kwingine? Kutoka "haiwezekani" hadi "kuna sababu ya kutilia shaka" ni safari ndefu, na kwa maoni yetu ndiyo maana halisi ya kupiga hatua. Anayerudia hoja ya 1955 kama vile haijajibiwa yuko nyuma. Mkristo anayedhani Plantinga alimaliza kila kitu naye yuko nyuma.

Mwenye kunukuu Wakolosai 2:8 dhidi ya falsafa asome pia Matendo 17, ambapo Paulo anazungumza na wanafalsafa wa makundi ya Waepikureo na Wastoa huko Athene, na kunukuu mshairi wao: "sisi sote tu wazao wake." Mipaka nayo ipo. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba akili inaweza kujua kuwa Mungu yupo, lakini kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo tunalijua kwa imani, wala haliwezi kuthibitishwa. Alionya kwamba anayeleta uthibitisho dhaifu anawapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani tunaamini kwa sababu hizo.

Kwa jumuiya na vikundi vya Biblia, chukueni hoja moja tu kwa kikao. Andikeni kila dai kwenye mstari wake, pamoja na yale yaliyofichwa. Kisha ulizeni ni dai lipi likiondolewa hitimisho linaanguka, na hoja inadai nini hasa: kwamba jambo haliwezekani, au kwamba ni gumu kuliamini? Jibu la Plantinga kuhusu hiari linagusa wizi na vita, lakini peke yake halielezi malaria ya mtoto mchanga. Mafuriko ya bonde la Jangwani hapa Dar es Salaam yana mkono wa mvua na mkono wa watu, kwa hiyo yatenganisheni kwanza.

Na kuna mahali hoja hizi hazifai kupelekwa. Mama aliyefiwa, aliyeketi kwenye mkeka akiuliza "kwa nini mwanangu?", hajatoa madai matatu yanayosubiri kukaguliwa. Plantinga mwenyewe alitofautisha kazi ya mwanafalsafa na ile ya mchungaji. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walianza kukosea walipoanza kueleza.