Asilimia 16: mkataba wa mafuta uliozaa Iran ya leo

Katika mihadhara yetu ya wazi, swali la Iran halikosi. Mara nyingi muulizaji ni kijana ambaye amefuatilia habari kwenye simu tangu alfajiri: hawa na Marekani walikosana nini hasa? Kabla sijajibu, aliyeketi jirani naye huwa kishamjibu kwa neno moja: dini. Dini imo, sikatai. Lakini anayeanzia hapo anaingia kwenye kisa kikiwa kimefika katikati. Mimi huanza na karatasi.

Tarehe 28 Mei 1901, Mozaffar al-Din Shah, mfalme wa Uajemi kama Iran ilivyoitwa wakati huo, alimpa Mwingereza William Knox D'Arcy haki ya kutafuta, kuchimba na kuuza mafuta karibu nchi nzima. Majimbo matano ya kaskazini yaliachwa nje ili Urusi isikasirike. Muda wa mkataba ulikuwa miaka 60. Malipo: pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni 20,000, na asilimia 16 ya faida ya kila mwaka. D'Arcy, aliyetajirika kwa dhahabu ya Australia, hakuwahi kukanyaga Uajemi maishani mwake. Naomba msomaji aishike hiyo asilimia 16, kwa sababu faida yenyewe ilipigiwa hesabu London, katika vitabu ambavyo mwenye nchi hakuruhusiwa kuvikagua.

Ufalme ule ulikuwa na mazoea ya kuuza. Mwaka 1890 baba wa Mozaffar al-Din, Naser al-Din Shah, alikuwa amempa Meja Talbot, Mwingereza pia, ukiritimba wa kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Wakulima na wafanyabiashara wa sokoni wakapiga kelele, lakini walikosa pa kupeleka malalamiko: bunge halikuwepo, na magazeti ya nchini yalikuwa ya serikali. Waliwaendea masheikh. Mwezi Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Shirazi, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa akiishi Samarra, kwamba kuvuta tumbaku wakati huo ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yule aliyeghibu ambaye Mashia wanamngojea. Nchi nzima ikaacha. Husimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la mfalme wake zake waliziweka pembeni buruma zao. Januari 1892 mkataba ukafutwa, na kampuni ikadai fidia ya pauni 500,000. Shah hakuwa nazo. Akazikopa kutoka benki ya Waingereza iliyokuwa Tehran, na nchi iliyotoka kushinda ikabaki na deni.

Nalisisitiza tukio hili kwa sababu linajibu swali la yule kijana vizuri kuliko hotuba nyingi. Masheikh wa Iran hawakuzuka tu mwaka 1979, mapinduzi yalipowapa dola. Nafasi ya kuwasemea watu waliishika karibu karne nzima kabla, kwa kuwa katika nchi ambayo mfalme aliuza na askari alitii, wao ndio waliobaki na sauti ambayo mgeni hakuweza kuinunua kwa bei rahisi.

Msomaji wa mwambao wetu hahitaji kuelezwa sana mkataba wa namna hii unavyofanya kazi. Mwaka 1887 Sayyid Barghash wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza wa kampuni ya Mackinnon utawala wa sehemu ya pwani kwa miaka 50, kwa malipo. Miaka mitatu baadaye Uingereza na Ujerumani walikubaliana wao kwa wao nani achukue nini, na Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Waajemi nao yaliwakuta hayo hayo: mwaka 1907 Uingereza na Urusi ziligawana nchi yao katika kanda za ushawishi, Urusi kaskazini, Uingereza kusini mashariki, na katikati pakaachwa wazi. Wakati mkataba huo unatiwa saini, Waajemi walikuwa na bunge lenye umri wa mwaka mmoja tu, walilolipigania wenyewe. Mwaka uliofuata bunge hilo lilipigwa mizinga na kikosi cha Kosaki, askari wa Shah walioamriwa na kanali wa Kirusi, Liakhov.

Mafuta yalipatikana Masjed Soleyman, kusini magharibi mwa nchi, tarehe 26 Mei 1908, wakati barua ya kumwamuru mhandisi asimamishe kazi kwa kukosa fedha ikiwa njiani. Mwaka 1914, manowari za Uingereza zikiwa zinahama kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta, serikali ya London ikanunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni iliyorithi mkataba wa D'Arcy. Kuanzia hapo, aliyekuwa akigombana na kampuni alikuwa akigombana na dola.

Twende Abadan, kisiwani, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho kufikia mwaka 1950 ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Upande mmoja palikuwa na nyumba za maofisa wa Kiingereza zenye bustani, klabu na bwawa la kuogelea. Upande wa pili palikuwa na mtaa wa wafanyakazi ulioitwa Kaghazabad, yaani mji wa karatasi. Vibanda vyake viliungwa kwa mabati ya mapipa yaliyopondwa na chochote kilichookotwa. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna, na joto la kiangazi huko hufika nyuzi 50. Baba aliyelala humo usiku aliamkia zamu katika kiwanda kilichokuwa kikiendesha meli za dola kubwa. Mwaka 1947 kampuni ilipata faida ya pauni milioni 40 baada ya kodi. Iran ikapewa milioni 7. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikikusanya kodi kubwa zaidi kutoka kwa kampuni hiyo kuliko mrabaha uliomfikia mwenye mafuta. Reza Shah, mfalme wa kwanza wa ukoo mpya wa Pahlavi, alikuwa ameufuta mkataba wa D'Arcy mwaka 1932, akaishia kusaini mwingine mwaka 1933 ambao uliisogeza tarehe ya mwisho hadi 1993.

Reza Shah huyo mwenyewe aliondolewa na wageni. Agosti 1941 majeshi ya Uingereza na Urusi ya Kisovieti yaliingia Iran kwa pamoja, yakamlazimisha kumwachia kiti mwanawe, Mohammad Reza, kijana wa miaka 21. Mzee alipelekwa Mauritius, kisha Johannesburg, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Sisi tunamkumbuka Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeondolewa kwa mizinga Zanzibar mwaka 1896 na kufia Mombasa mwaka 1927. Wafalme wasiotakiwa walikuwa na njia zao za bahari.

Desemba 1950, Wamarekani walipokubali kugawana faida nusu kwa nusu na Saudi Arabia, ng'ambo tu ya Ghuba, uvumilivu wa Iran ulikwisha. Machi 1951, Nowruz ikikaribia, sikukuu ile ile ya mwaka mpya ambayo mwambao wetu uliirithi kwa jina la nairuzi, bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha mafuta. Aliyeongoza hoja alikuwa Mohammad Mossadegh, mwanasheria aliyesomea Uswisi, mzee mgonjwa mgonjwa aliyepokea mabalozi akiwa kitandani na nguo za kulalia. Mwishoni mwa Aprili akawa waziri mkuu.

Uingereza ilijibu kwa kuikaba Iran shingo. Mafundi wake waliondoka Abadan mwezi Oktoba, na meli zikaonywa zisiguse mafuta ya Iran. Juni 1952 meli ya mafuta Rose Mary ilisindikizwa kwa nguvu hadi bandari ya Aden na shehena yake ikazuiwa. Mwezi huo huo Mossadegh alikwenda mwenyewe The Hague, na Julai Mahakama ya Kimataifa ikasema haina mamlaka juu ya shauri ambalo Uingereza imelileta. Jaji wa Kiingereza, Arnold McNair, alikubaliana na uamuzi huo dhidi ya serikali ya nchi yake. Huwa nalisoma shauri hili na wanafunzi polepole. Mtu alifuata sheria, akapita bungeni, akaenda Umoja wa Mataifa, akaenda mahakamani, na mahakamani hakushindwa. Kilichofuata hakikupitia mahakama yoyote.

Rais Truman wa Marekani alikataa kumpindua. Eisenhower, aliyeingia madarakani Januari 1953, alikubali, hasa baada ya Waingereza kuacha kuzungumzia mafuta na kuanza kuzungumzia ukomunisti. Mpango ukakabidhiwa CIA na wenzao wa London, na msimamizi wa uwanjani akawa Kermit Roosevelt, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt. Usiku wa kuamkia Agosti 16, Kanali Nassiri alimpelekea Mossadegh hati ya Shah ya kumwachisha kazi, lakini kanali huyo akakamatwa mlangoni. Shah akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Ilionekana yamekwisha. Lakini tarehe 19 Agosti makundi yaliyolipwa yaliingia mitaani Tehran, wanajeshi wakajiunga, vifaru vikaizunguka nyumba ya waziri mkuu, na kufikia jioni Jenerali Zahedi, aliyeteuliwa na Shah kuchukua nafasi ya Mossadegh, ndiye aliyekuwa serikali. Watu wapatao 300 walikufa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji wangu hawapendi kulisikia. Fedha zilitoka nje. Mikono mingi ilikuwa ya ndani. Walikuwepo wahariri waliolipwa kumtukana Mossadegh, maofisa waliotaka vyeo, na akina Rashidian, ndugu watatu wafanyabiashara waliowatumikia Waingereza kwa miaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Ayatollah Kashani, aliyewajaza watu mitaani kwa ajili ya mafuta mwaka 1951, alikuwa amemgeuka. Na Mossadegh mwenyewe alikosea: mwezi ule ule aliitisha kura ya maoni ya kulivunja bunge, sanduku la ndiyo likawekwa sehemu moja na la hapana sehemu nyingine, kila mtu akaonekana anapiga nini. Mtu aliyesimamia bunge maisha yake yote hakustahili kufika huko. Lakini makosa yake yalikuwa ya Wairan kuyahukumu, kwa kura yao, na hiyo ndiyo haki waliyonyang'anywa.

Mwaka 1954 mafuta yaligawanywa upya. Kwenye karatasi yalibaki mali ya taifa. Uendeshaji ukaenda kwa muungano wa kampuni za kigeni. Ile ya Waingereza, ambayo sasa ilijiita British Petroleum, ilipata asilimia 40. Kampuni za Marekani, ambazo kabla ya mapinduzi hazikuwa na kitu Iran, zilipata 40. Shell ikapata 14, na Wafaransa 6. Mwaka 1957 ikaundwa SAVAK, polisi ya siri, kwa msaada wa CIA. Chama cha Mossadegh kilisambaratishwa, wakomunisti wakafungwa na wengine kupigwa risasi, magazeti yakanyamaza. Msikiti haukuweza kufungwa. Mwaka 1964, bunge lililokwisha tiishwa lilipowapa wanajeshi wa Marekani na familia zao kinga dhidi ya mahakama za Iran, aliyesimama hadharani kulipinga alikuwa Ayatollah Khomeini, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya 1953 haikuwa mafuta. Mafuta hupimwa kwa mapipa na hulipika. Kilichouawa ni njia ya katikati: watu waliotaka bunge, sheria na heshima ya taifa kwa pamoja, wakiwemo waumini wengi waliosali swala tano. Kizazi kilichofuata kilijifunza kwamba anayecheza kwa kanuni hupinduliwa, na kikawasikiliza wale ambao hawakuwa na haja na kanuni hizo.

Oktoba 1979 Shah, akiwa tayari amepinduliwa, alipopokewa hospitalini Marekani, wengi Tehran waliona Agosti 1953 inarudi: alikimbia mara ya kwanza akarudishwa, na sasa atarudishwa tena. Novemba 4 wanafunzi waliuvamia ubalozi, na Wamarekani 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Kuwateka wanadiplomasia ni kosa, na sitafuti udhuru. Lakini mtazamaji wa Marekani aliyeona picha zile kwenye televisheni hakujua chochote kuhusu 1953, kwa kuwa serikali yake ilikuwa haijamwambia. Waziri wa mambo ya nje, Madeleine Albright, alikiri mkono wa Marekani mwaka 2000. CIA yenyewe iliachia nyaraka zinazokiri wazi mwaka 2013, miaka 60 baadaye.

Wengi hupenda kuyaeleza matatizo yote ya nchi za Kiislamu kwa ramani ya Sykes na Picot ya mwaka 1916, ambayo Uingereza na Ufaransa ziligawana kwa siri nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Waturuki. Siipuuzi, ila mipaka ya leo haifuati hata ramani ile. Mosul, kwa mfano, iliwekwa upande wa Ufaransa na ikaishia Iraq chini ya Mwingereza. Na Iran haikuwemo katika mgawo ule, wala haikuwa koloni la mtu. Iliharibiwa kwa mkopo, mkataba na bahasha ya fedha, vitu vidogo vinavyoingia mkobani.

Mossadegh alifungwa miaka mitatu, kisha akawekwa kizuizini shambani kwake Ahmadabad hadi alipofariki tarehe 5 Machi 1967, mwezi mmoja kamili baada ya Azimio la Arusha. Aliusia azikwe pamoja na waliouawa mitaani Julai 1952, alipokuwa amejiuzulu kwa siku chache, wakidai arudishwe madarakani. Ruhusa haikutolewa. Akazikwa ndani ya nyumba yake, chini ya sakafu ya chumba cha kulia. Tarehe 5 Machi 1979, wiki chache tu baada ya Shah kuondoka, umati mkubwa ulimiminika Ahmadabad kumzuru, na barabara ndefu kuliko zote za Tehran, iliyoitwa Pahlavi, ikapewa jina lake. Halikudumu. Watawala wapya nao hawakumtaka, na leo barabara hiyo inaitwa Vali Asr.